Kabla ya Kuombea Amani, Uliza Nani Alinyang'anywa Nini

Uchaguzi ukikaribia, makanisa yetu hapa Nakuru huanza mikesha ya kuombea amani. Ni jambo jema, nami huhudhuria. Lakini miaka niliyokaa katika kamati ya haki na amani ya kanisa letu imenipa msimamo ambao nitautetea mbele ya mchungaji yeyote: amani isiyotanguliwa na haki haidumu. Isaya alisema, "Na kazi ya haki itakuwa amani." Haki inatangulia. Sisi tumezoea kuipita, kwa sababu amani unaweza kuiombea jioni moja ukaenda kulala, ilhali haki itagusa mali ya mtu.

Watu wa huku tunajua gharama ya kuipita. Mwaka 1992 mapigano ya kikabila yalichoma nyumba Molo na Olenguruone. Mapema 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa mahema ya wakimbizi, na nchini kote watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Wengi waliofukuza na wengi waliofukuzwa walikuwa Wakristo waliobatizwa, wanaokariri Baba Yetu ileile. Mwaka huohuo viongozi wa NCCK, baraza la kitaifa la makanisa ya Kenya, walikiri hadharani kwamba kanisa lilikuwa limeegemea pande za kisiasa.

Nikupe mfano mmoja. Tuliitwa upande wa Molo kupatanisha familia mbili. Tulikaa kwenye viti vya plastiki nje ya kanisa, na mwenyeji wetu alitaka wapeane mikono, tuombe, tunywe chai. Mzee aliyekuwa amechomewa boma akasema yeye alishasamehe zamani. Kisha akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwenye paa la jiko la jirani. Kulikuwa na mabati yenye mabaka ya rangi ya kijani, rangi aliyoipaka kwa mkono wake, na matundu ya misumari ya zamani yamezibwa kwa lami. "Nikienda ibadani naipita nyumba yangu," alisema.

Chai ikasubiri. Tulifungua Luka 19, habari za Zakayo. Yule mtoza ushuru hakuishia kwenye kuomba radhi: alisimama mbele ya watu akaahidi kuwarudishia mara nne aliowanyang'anya, na hapo ndipo Yesu akatamka kwamba wokovu umefika katika nyumba ile. Jirani huyu alikuwa mtoto wakati wa vurugu; mabati yaliletwa na baba yake, ambaye sasa ni marehemu. Walikubaliana alipe kwa mbao na kwa kumjengea mzee zizi. Mke wa mzee alisema waziwazi kwamba hayo hayatoshi, tukayaandika maneno yake kwenye kumbukumbu za kikao. Mpaka leo hajaridhika, na mimi naona ana haki yake.

Kwa hiyo, kama uko kwenye kamati ya aina hii, kabla ya sala uliza: nani alipoteza nini, na kiko wapi sasa? Waulize kina mama peke yao pia, kwani mbele ya wazee wengi wao watanyamaza. Na ukisikia habari ya mauaji au ubakaji, usiifanyie usuluhishi wa chai. Ipeleke polisi, umsindikize mlalamishi. Katiba, kifungu cha 159, inatambua upatanisho na njia za jadi za kutatua migogoro, lakini haziruhusiwi kukiuka haki za mtu. Kanisa likificha jinai kwa jina la msamaha, linamfanyia mnyonge dhuluma mara ya pili.

Uongozi nao upimwe kwa kipimo hichohicho. Samweli alipozeeka alisimama mbele ya Israeli akawauliza: nimechukua ng'ombe wa nani, punda wa nani? Alijiweka kwenye kiti cha mshtakiwa bila kulazimishwa na mtu. Hapa kwetu tulikuwa na Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeongoza Jimbo Katoliki la Nakuru kuanzia 1971 hadi 1996. Alipinga kura ya mlolongo ya 1988, ambapo wapiga kura walipanga foleni hadharani nyuma ya wagombea, na mapigano ya Bonde la Ufa yalipozuka aliikemea serikali waziwazi. Kule Kisumu, Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini alikuwa akidai vyama vingi wakati kusema hivyo kulikuwa hatari.

Sauti kama hiyo haitoki kwenye kanisa lililokwisha kulipiwa. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza mchango wa Rais kwa parokia moja urudishwe, na niliona fahari. Anzeni na hesabu zenu wenyewe: mweka hazina asome mapato na matumizi mbele ya waumini, pamoja na jina la kila mwanasiasa aliyetoa na kiasi alichotoa. Mheshimiwa akija na bahasha, mpeni nafasi ya kukaa na kusali kama waumini wengine, na maikrofoni ibaki kwa mhubiri.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Msingoje kampeni zipambe moto. Iteni kikao sasa, jioni ya katikati ya wiki, wapangaji na wenye nyumba, wenye hatimiliki na wasio nazo, vijana wa bodaboda na wazee wa nyumba kumi. Andikeni malalamiko yote, hata yale ya zamani, na kila moja lipewe mtu wa kulifuatilia na tarehe ya kuleta jibu.