Mbwa mdogo akitetemeka, mgeuze chali kwanza

Wadogo zangu mnaoanza mafunzo ya vitendo kwenye kliniki za mbwa na paka, nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini aliletwa Maltese jike, kilo tatu na kitu, amefungwa kwenye khanga. Miguu imekakamaa kama mbao, misuli ya uso inacheza, anahema mbio mbio. Joto 41. Mama aliyemleta analia: "Daktari, ana kifafa." Nami nikapokea jina hilo kama lilivyo. Nikachoma dayazepamu, dawa ya kutuliza degedege, mbwa akalegea, nikajiona fundi.

Hazikupita dakika nyingi akaanza tena. Daktari aliyekuwa akinisimamia alikuja, akafungua khanga, akamgeuza mbwa chali bila kuniuliza kitu. Matiti yamejaa tele. "Amezaa lini?" Wiki tatu zilizopita, watoto watano.

Kumbe ni kalsiamu. Kijibwa cha kilo tatu kinapolisha vinywa vitano, maziwa yanavuta kalsiamu kwenye damu kuliko mwili unavyoweza kurudisha, na ikishuka, misuli inajikaza yenyewe bila kuamrishwa. Hutokea zaidi ndani ya wiki nne za kwanza za kunyonyesha. Lile joto nalo si homa ya maambukizi, ni misuli inayofanya kazi bila kupumzika. Na dalili niliyoipuuza ilikuwa mbele ya macho yangu: nilipomwita jina, alinitazama. Mwenye kifafa kilichoshika mwili mzima huwa hayupo, ukimwita hakusikii.

Tulimpa kalsiamu glukoneti ya asilimia 10 kwenye mshipa, pole pole, mmoja anasukuma sindano, mwingine sikio liko kwenye moyo. Ukiharakisha unaua, mapigo yakianza kupungua au kwenda ovyo, unasimama papo hapo. Kabla dozi haijaisha, miguu ilikunjika. Watoto wakahamishiwa kwenye chupa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mama yule alikuwa amempa vidonge vya kalsiamu mimba nzima, kwa nia njema kabisa. Mwili ukizoea kuletewa kalsiamu kila siku, tezi zinazoitoa kwenye mifupa hulegea, na maziwa yakianza zinachelewa kuamka. Mjamzito apewe chakula kizuri cha mbwa. Vidonge vingoje hadi azae, tena kwa ushauri wa daktari.

Akiletwa mtoto mdogo wa aina hizi ndogo, wa wiki nane au kumi, analewalewa na kutetemeka, mimi hukimbilia mashine ya kupima sukari ya damu kabla ya kitu kingine. Hawana akiba, kukosa mlo mmoja au kuharisha usiku kunatosha kuwaangusha. Nyumbani mwenyewe ampake asali kwenye fizi akiwa njiani kuja.

Ulizeni pia kuhusu kuogeshwa. Kuna watu wanamwosha Chihuahua kwa dawa ya kupe ya ng'ombe, wameikadiria kwa kizibo cha chupa. Akija anatiririka mate, mboni zimekuwa ndogo na misuli inacheza, harufu ya manyoya itawaambia mengi. Na asiye na kadi ya chanjo, vaeni glovu kabla ya kumgusa. Wapo wenye distempa, ugonjwa wa virusi unaoshika neva za mbwa, ambao msuli mmoja hucheza kwa mpigo ule ule hata wakilala, na wapo wenye kichaa cha mbwa. Huyo wa pili hakupi nafasi ya kujisahihisha.

Wengine hawana ugonjwa wowote. Anayepiga miguu usingizini na kuamka ukimwita, alikuwa anaota tu.

Mkipigiwa simu usiku, mwambieni mwenye mbwa aangalie saa na apige video. Degedege likizidi dakika tano, au likirudi mara ya pili ndani ya saa 24, aje usiku huo huo. Asitie kitu mdomoni, mbwa hamezi ulimi. Jamaa mmoja alitia kijiko, kikateleza, kidole chake kikaumwa. Mbwa aliondoka anatembea. Yeye tulimwosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, tukamwelekeza hospitali akaanze sindano za kuzuia kichaa cha mbwa.