Ukurasa wa mwisho haujatoka? Kagua mkia wa faili

Katika stoo na ofisi za mizigo hapa Mwanza tatizo hili halikosekani: ankara ina kurasa tatu, zinatoka mbili. Karani akituma nyingine, ule wa tatu unatoka umebandikana na kichwa cha ankara mpya. Printa ni nzima. Ya leza hupanga ukurasa wote kwenye kumbukumbu yake, na haiutoi mpaka ujae, iamriwe, au muda wa kusubiri uishe. Programu nyingi za zamani za mauzo haziitumii amri hiyo.

Kwa printa za PCL (lugha ya printa iliyobuniwa na HP), malizia faili linalotumwa kwa printa kwa ESC E (kwa heksa 1B 45; ESC ni baiti 1B), inayotoa ukurasa uliobaki na kurudisha mipangilio, kisha ESC%-12345X, inayofunga kazi. Jumla baiti 11. Notepad haifai hapa, tumia PowerShell:

[IO.File]::WriteAllBytes("C:\chapa\mkia.bin",[byte[]](27,69,27,37,45,49,50,51,52,53,88))

Kwenye Linux:

printf '\033E\033%%-12345X' > mkia.bin

Alama ya asilimia lazima iwe mbili, la sivyo printf itaisoma kama maelekezo yake. Kisha unganisha na kutuma, kwenye Command Prompt (cmd) ya Windows, si PowerShell:

copy /b ankara.prn+mkia.bin \\ofisi\printa

Hiyo /b usiiache. Bila hiyo, copy ikiunganisha faili huzisoma kama maandishi na kukomea kwenye baiti 1A ya kwanza, inayohesabiwa kuwa mwisho wa faili, na faili lenye nembo au picha mara nyingi huwa na 1A. Utapata nusu ya nembo na utailaumu kebo bure.

Weka ESC%-12345X na ESC E mwanzoni pia. Kompyuta ikizimika umeme unapokatika, kazi inayofuata itaanza kwa usafi badala ya kurithi mabaki. Ukiona "%-12345X" imechapwa karatasini, ama ESC imepotea njiani, ama printa hiyo haiijui amri hiyo. Baiti 04, ya kufunga kazi, ni ya PostScript (lugha nyingine ya printa) kwenye kebo ya parallel au serial. Kwenye PCL usiiweke.

Printa za utepe, zile zinazopiga kelele kwenye maghala ya dagaa Mwaloni, zina lugha nyingine. Hizo huchapa mstari kwa mstari, kwa hiyo shida yao ni urefu wa fomu. Fomu ya inchi 5.5 kwa mistari 6 kwa inchi ni mistari 33: anza na 1B 40 (kurudisha mipangilio), kisha 1B 43 21 (urefu wa fomu; 21 ya heksa ni 33), na malizia kwa 0C (kutoa ukurasa). Ukiweka 1B 40 kabla ya 0C ya mwisho, urefu unarudi ule wa kiwandani na karatasi inaruka fomu nzima tupu.

Za risiti zenye kisu: 1D 56 42 00, inayosogeza karatasi kwanza ndipo ikate. Ile fupi, 1D 56 00, hukata papo hapo, na jumla ya pesa inabaki ndani ya mashine.

Kabla ya kumwita fundi, tazama baiti za mwisho (kwenye Linux):

tail -c 16 ankara.prn | xxd