Kabla hujafungua paipu za pampu ya ESC

Msomaji ameandika: taa ya ESC (mfumo unaozuia gari kuteleza kwa kushika breki ya gurudumu mojamoja) imewaka, kaambiwa pampu imekufa, keshanunua nyingine, sasa aanzie wapi? Aanzie kwenye kupima upya. Sensa ya mwendo wa gurudumu, athi (waya hasi unaofungwa kwenye bodi) iliyoota kutu au betri iliyochoka huwasha taa ileile, na hakuna kati ya hizo inayotibiwa kwa pampu mpya.

Vipimo vikithibitisha ni pampu, linganisha namba za vibandiko vya pampu ya zamani na mpya herufi kwa herufi. Umbo kufanana si hoja, maana kompyuta iliyobebwa humo ina programu ya gari fulani.

Chomoa waya hasi wa betri. Didimiza pedali ya breki sentimita chache na uikaze kwa kijiti dhidi ya kiti, mafuta ya breki yasishuke yote kutoka tangini. Kwa kawaida paipu ni sita: mbili zatoka masta silinda (silinda kuu inayosukumwa na pedali), nne zaenda magurudumuni. Tia kila moja alama kabla ya kulegeza hata nati moja. Tumia spana ya paipu, ile ya ringi yenye mwanya. Spana ya mdomo wazi hula kona za nati, na hapo umejitafutia kazi ya kubadilisha paipu nzima.

Pampu mpya huja na vizibo. Toa kimoja, unga paipu yake, ndipo ufuate kingine. Bolti za kishikio ziache zicheze hadi nati zote sita ziwe zimeingia kwa vidole. Nati ikigoma, inaingia mshazari: irudishe, usiisukume kwa spana.

Kosa la hatari ni kupishanisha paipu ya kushoto na ya kulia. Pedali itakuwa ngumu vizuri, taa itazima, na utadhani kazi imekwisha, mpaka siku ya utelezi kompyuta itake kuachia gurudumu moja iachie jingine. Kwa hiyo ukishatoa hewa kwenye paipu (namna yake iko hapa chini), pandisha gari juu ya stendi, gia iwe huru, mtu akanyage breki, mashine ya kupima (ile inayounganishwa na kompyuta ya gari) iamuru shinikizo la gurudumu moja liachiwe. Lizungushe kwa mkono. Likikataa huku jingine likizunguka, umepishanisha. Fanya hivyo kwa yote manne, hata kama una haraka.

Hewa iliyojificha kwenye vali haitoki kwa kukanyaga pedali tu. Mashine iendeshe pampu wakati nipeli (skrubu ya kutolea hewa kwenye gurudumu) iko wazi. Mafuta ya breki yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi, kutoka chupa isiyofunguliwa. Yakidondokea rangi, mwagia maji mengi.

Mwisho ingiza misimbo ya gari kwenye kompyuta ya pampu, kisha weka sifuri ya sensa ya usukani na ya mwelekeo, gari likiwa tambarare na magurudumu yamenyooka. Kama usukani hukaa upande gari likienda moja kwa moja, fanya alaimenti (kunyoosha magurudumu) kwanza. Vinginevyo kompyuta itasoma kona barabara ikiwa imenyooka, na itakushikia breki usiyoiomba.