Kioo cha nyuma cha Century kikivunjika, usikubali kukatiwa cha Crown

Juzi kuna kaka kaniandikia kutoka Arusha, ana Toyota Celsior ya 2002, kioo cha nyuma kimemwagika chote na fundi keshamwambia kioo hicho hakipo Tanzania nzima, bora amkatie cha gari nyingine. Aisee nilipandwa na hasira kama mimi ndo nimeambiwa, maana maneno hayo hayo niliambiwa kuhusu Century yangu na bado yananiuma. Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu, nikaona niliweke hapa maana najua tupo wengi tunaopenda magari ambayo ukiingia nayo gereji mafundi wote wanakuja kuangalia halafu hakuna anayeshika spana.

Kwanza kwa wasioijua, Toyota Century siyo Crown. Kila siku barabarani naitwa "wewe mwenye Crown" na huwa nasimama naeleza, sichoki. Century imeanza kutengenezwa 1967, miaka 100 tangu azaliwe mzee Sakichi Toyoda, yule wa mashine za kufuma ambaye kazi yake ndo ilizaa Toyota. Ya kwangu ni kizazi cha pili, GZG50, kilichotengenezwa kuanzia 1997 mpaka 2017, injini ya 1GZ-FE, silinda 12, lita 5. Hata gari ya sherehe ya Mfalme wa Japani, Century Royal, imetokana na hii hii. Nyuma ina mapazia ya lesi na siti za kitambaa cha sufu, siyo ngozi, kwa sababu ngozi inalia mtu akijisogeza na bosi anayekaa nyuma hatakiwi kusikia chochote. Nimeinunua kwa jasho langu la kuuza vifaa vya ujenzi, sikupewa na mtu, na ninaipenda.

Ilikuwa imepaki nje kwa mteja wangu Mikocheni, kuna dogo anafyeka nyasi kwa ile mashine ya kuvaa begani, kokoto ikaruka. Kokoto moja tu. Kioo kikawa cheupe chote kwa mpigo, kikasimama kidogo, halafu kikashuka kwenye siti na kwenye buti. Dogo wa watu alitetemeka, nikamwambia asiogope, sikumdai hata shilingi, hakukusudia na asingeweza kulipa.

Sasa hapa ndo elimu inaanza, naomba usome taratibu. Kioo cha mbele cha gari ni lamineti, vioo viwili vyembamba vimebanwa na plastiki katikati, kikipigwa kinapasuka lakini kinabaki mahali pake. Kioo cha nyuma kwa magari mengi ni cha tempa. Kinakatwa na kukunjwa kwanza kiwandani, kinapashwa moto zaidi ya nyuzi 600, halafu kinapulizwa hewa ghafla. Ngozi ya nje inapoa na kuganda kabla ya ndani, kwa hiyo maisha yake yote ngozi ya nje imebanwa na moyo wa kioo unavutwa, na huko kuvutana ndo nguvu yake. Ukipenya ile ngozi mahali pamoja tu, kote kunaachia. Ndo maana kokoto moja inatosha, na ndo maana vinakuwa vipande vidogo vidogo badala ya visu.

Kwa hiyo KIOO CHA TEMPA HAKIKATWI. Fundi anayekwambia atachukua kioo cha nyuma cha Crown akipunguze kikae kwenye Century, ama hajawahi kujaribu ama anataka kujaribia kwako. Akigusa tu na kikatio kinamwagika mezani. Mimi pale mtaa wa Gerezani, Dar, niliambiwa hivyo na watu wazima kabisa wenye maduka yao, na nilipobisha mmoja akanijibu mbele za watu, "mzee hilo lenyewe gari la kizee, weka plastiki uuze." Watu wakacheka. Sikumjibu, niliwasha gari nikaondoka, ila lile neno nililala nalo. Wa pili alisema ataweka lamineti ya kukata, na kweli lamineti inakatika, lakini karatasi bapa ya kioo haikunjiki kufuata mgongo wa gari, utabaki na pengo pembeni na maji yataingia kwenye buti. Wa tatu alitaka kuweka pespeksi, ile plastiki ngumu inayoonekana kama kioo. Pespeksi inachubuka kila ukiifuta vumbi, baada ya muda kwenye kile kioo cha kati cha kutazamia nyuma huoni kitu, na ule ukimya uliolipia pesa yote hiyo umekwisha.

Dawa ni moja, kioo chenyewe. Na kioo chenyewe hutafuti kwa macho wala kwa kutuma picha kwenye magrupu ukiandika "wadau nani anacho". Unatafuta kwa namba ya chasisi. Fungua boneti, kuna kibati kwenye ukuta kati ya injini na kabini, piga picha kibati kizima, siyo namba tu, maana modeli kodi, yaani herufi na namba za aina ya gari, nayo inahitajika. Kwa hiyo namba mtu mwenye katalogi ya Toyota anakupa namba ya spea. Kioo cha nyuma cha Toyota za sedani namba yake inaanza na 64811, zile tano za mwanzo zinasema ni kitu gani, tano za mwisho zinasema ni cha gari ipi na aina ipi. Muuzaji akikwambia "hiki kinaingia" mwambie akusomee namba. Akishindwa kusoma namba, ondoka. Nasema tena, ondoka.

Ukishapata namba, soma na maandishi ya kona ya vioo vyako vilivyobaki. Utaona jina la kiwanda na aina ya kioo, kwa mfano Asahi wanaandika Temperlite kwa cha tempa na Lamisafe kwa lamineti. Kama gari yako haijawahi kubadilishwa vioo, ukipata cha kiwanda kile kile rangi itafanana. Hili dogo lakini kwenye gari jeusi la maana kioo chenye kijani tofauti kinaonekana toka mbali.

Century haina ndugu nje ya Japani, kwa hiyo mimi njia yangu ilikuwa huko huko. Kuna wakala ananinunulia vitu kwenye minada ya mtandaoni ya Kijapani, kule gari likigongwa mbele linakatwa na kila kipande kinauzwa na namba ya chasisi ya gari lilikotoka. Tulikosa, tukakosa tena, kingine kilikuwa na mchubuko kwenye nyaya za ukungu, ile mistari ya umeme inayofuta ukungu kwenye kioo, wauzaji wengine wakisikia kioo kinakwenda Afrika hawataki kabisa kwa kuogopa lawama. Ilipita miezi. Watu wa nyumbani wakaanza kuniambia niachane nalo, nilikaza. Kaka wa Arusha wewe una bahati kuliko mimi, Celsior yako ya kuanzia 2000 mpaka 2006 ni ile ile iliyouzwa nje kama Lexus LS 430, na hizo Uarabuni ziko nyingi mno, mtu wa kukununulia spea Sharjah anaweza kukupatia kutoka magari ya kukata. Usukani wa hizo za Uarabuni kuwa kushoto hakuhusiani na kioo cha nyuma. Hakikisha tu plagi za nyaya za ukungu na antena ziko sawa na zako, maana antena ya redio ipo humo humo kwenye kioo.

Kusafirisha sitaeleza sana, jambo ni moja, kioo kinasafiri kimesimama wima kwenye kreti la mbao, kamwe kisilazwe. Kikilazwa mtu ataweka boksi juu yake. Lipia kreti. Na wala usibane senti hapo ndugu yangu, kioo cha bei yote hiyo ukifunge kwa boksi la televisheni?

Wakati unasubiri, gari usiliache wazi. Nailoni nzito, na tepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi, siyo ile ya kahawia ya maboksi, jua letu la Dar linaipika mpaka inabeba rangi ya gari. Halafu kitu ambacho wengi hawajui, ukiendesha gari nyuma ikiwa wazi au nailoni inapepea, moshi wa ekzosi unavutwa ndani ya kabini, kwa hiyo kama lazima uliendeshe fungua vioo vya mbele na usiweke mtoto nyuma. Vile vipande navyo, usifute kwa mkono wala kitambaa, sufu inavimeza. Vuta kwa mashine kwanza, halafu bandika tepu na kubandua, bandika na kubandua, mapazia, mikunjo ya siti, matundu ya spika, sehemu ya mikanda. Mke wangu ndo alifanya kazi hiyo na alifanya vizuri kuliko gereji yoyote, namshukuru hapa hadharani.

Kioo kilipofika nikampelekea fundi mmoja mzee wa Ilala. Kabla yake kuna mwingine alitaka kuweka silikoni, ile ya madirisha ya aluminiamu. Nikamkatalia. Nauza hiyo bidhaa dukani kwangu, naijua. Ile silikoni yenye harufu ya siki inatoa asidi inapokauka, asidi inakula bati, utapata kutu chini ya kioo na hutaiona mpaka maji yaanze kuingia. Tena ikishagusa fremu, gundi ya kweli haishiki vizuri juu yake. Kioo cha gari kinashikwa na gundi ya poliyurethani, mafundi wengi wanaiita Sikaflex hata kama ni ya kampuni nyingine, na inatanguliwa na praima, dawa inayopakwa kwanza ili gundi ishike.

Mzee yule alifanya kazi kwa utulivu ambao sijauona siku nyingi. Aliikata gundi ya zamani akaacha utando wa kama milimita 1 au 2, hakukwangua mpaka kwenye bati, kwa sababu gundi mpya inashika vizuri zaidi juu ya ya zamani iliyo safi. Kila mahali wembe ulipochubua rangi alipaka praima akasubiri ikauke. Alijaribisha kioo kikavu kwanza, akakiweka alama kwa tepu, akakitoa. Kwenye kioo alipaka praima juu ya ule ukanda mweusi wa pembeni, ukanda ule siyo urembo, unaikinga gundi isiliwe na jua. Halafu akapitisha gundi mstari mmoja bila kukatisha mzunguko mzima, kwa sababu ukikatisha ndo hapo maji yatapita. Wakakiweka wawili kwa vishikio vya kunyonya, mara moja, bila kukinyanyua tena. Akanishushia vioo vya milango kidogo akaniambia usifunge mlango kwa nguvu mpaka kesho, maana Century imeziba vizuri mno, hewa ya mlango ingesukuma kioo kipya kabla gundi haijashika. Gundi ile inakauka kwa unyevu wa hewa, na unyevu Dar tunao.

Baadaye tukapima nyaya za ukungu kwa mita. Unawasha swichi, unapima kuanzia upande mmoja kwenda mwingine, katikati unatakiwa kupata kama nusu ya volti ulizoanza nazo. Namba ikiruka ghafla, hapo waya umekatika. Zote zilikuwa nzima. Siku ile nilikaa siti ya nyuma nikafunga milango na nikasikia ukimya wangu umerudi.

Vijana wangu, nawaomba sana. Ukinunua gari adimu usikubali mtu yeyote akuaibishe mpaka ukaliharibu kwa mikono yako. Wale waliocheka hawalipi chochote. Mafundi nao, ndugu zangu, kusema "sijui" siyo aibu, aibu ni kumharibia mtu mali yake ili usionekane hujui. Tafuta namba, subiri kioo chenyewe, kataa silikoni. Na tinti usibandike kwenye kioo cha nyuma cha gari kama hili, siku ya kuibandua itaondoka na nyaya za ukungu na masika utaendesha kwa kubahatisha.

Jambo la mwisho ni bima. Mimi nina bima kubwa na nililipwa sehemu ndogo tu, kwa sababu kwenye karatasi kulikuwa na kikomo cha fedha za vioo ambacho kwa gari la kawaida kinatosha na kwa Century hakifiki hata kwenye kreti na usafiri. Mwaka huu wakati wa kulipia upya nilikaa nao chini na bei za Japani zikiwa zimechapishwa, kikomo kikapandishwa, nikaongeza hela kidogo, na neno "kioo cha mbele" likabadilishwa kuwa "vioo vyote" kabla sijasaini.