Kioo cha pembeni si cha kutazama mlango wako

"Papa, hukuniona?"

Motari, dereva wa pikipiki ya abiria, hakuongeza neno. Nyuma yake mama aliyekuwa amempakia anaokota sambaza, wale samaki wadogo, juu ya mawe ya volkano, beseni limepinduka kando ya njia. Ilikuwa asubuhi, si mbali na Rond-point Signers, nami nilikuwa nimevuta gari kushoto kidogo kukwepa shimo. Kioo nilikitazama, wallahi nilikitazama. Nikaona nini? Kitasa cha mlango wangu, na pembeni yake ukanda mwembamba wa barabara usio na mtu.

Nililipa beseni zima, hata na zile sambaza zilizookotwa, maana bei haibishaniwi ukiwa umezungukwa na wamotari ishirini. Hakuna aliyeumia. Ila lile swali nililala nalo.

Gari langu ni kama mengi ya hapa Goma: limetoka Japani, volani, yaani usukani, iko kuume, na sisi tunaendesha upande wa kuume wa barabara. Maana yake dereva umekaa huku kwenye mtaro, na anayekupita anapita kule kwa abiria. Kioo unachokihitaji kuliko vyote ndicho kilicho mbali na jicho lako, na kioo kikiwa mbali na jicho kinakuonyesha eneo dogo zaidi. Sasa hicho kidogo nacho, nusu nilikuwa nimekipa mlango wangu! Kama kwamba mlango utakimbia.

Nilifundishwa hivyo, na nadhani wewe pia: ukiona ubavu wa gari lako, kioo kimekaa vizuri. Mhandisi mmoja Mmarekani, George Platzer, aliwaandikia wahandisi wenzake wa magari mwaka 1995 kwamba ubavu huo ndio unaotuficha walio kando yetu. Visukume vioo nje mpaka gari lako lipotee. Ya nyuma yako mwachie kioo cha ndani.

Fanya hivi gari likiwa limesimama mahali tambarare. Panga kwanza kioo cha ndani kikuonyeshe dirisha lote la nyuma. Kisha, kama volani yako ni ya kuume, egemeza kichwa karibu kiguse dirisha lako la kuume, usukume kioo cha kuume nje hadi ubavu wa gari ubaki kama uzi tu. Halafu lete kichwa katikati ya gari, chini ya kioo cha ndani, ufanye vilevile kwa kioo cha kushoto. Kaa sawa. Gari lako halionekani tena popote, na siku tatu za kwanza utajihisi umepotea. Vumilia.

Mimi nilijaribu na mtoto wa jirani. Nilimwambia atoke nyuma ya gari, apite polepole upande wa kushoto, kama hatua moja kutoka mlangoni. Alionekana kwenye kioo cha ndani. Kabla hajatoka humo, bega lake likaingia kwenye kioo cha kushoto. Kabla hajakitoka hicho, nikamwona kwa pembe ya jicho kupitia dirisha la abiria. Zamani katikati hapo alikuwa anapotea kabisa. Akiwa na pikipiki chini yake, humwoni mpaka asikike mlangoni.

Usikielekeze kioo juu sana. Mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma kwa mguu, anayeteremka na magunia ya mkaa kutoka Kibumba, goti juu ya ubao, yuko chini kuliko unavyodhani, na breki zake unazijua. Mimi naacha barabara ichukue nusu ya kioo, au zaidi kidogo.

Kuna siku mpango huu haufai. Ukipakia magunia ya viazi hadi dari, kioo cha ndani kimekufa, basi rudisha vya pembeni ndani kidogo, upate walau kuona nyuma. Na unaporudi nyuma kuingia kwenye parseli, yaani kiwanja cha nyumba, ukuta wa mawe hutauona ukiwa umekaa wima. Egemeza kichwa kama ulivyofanya wakati wa kupanga, ubavu wa gari utarudi.

Jambo jingine lilinigharimu. Kioo changu cha kushoto kilivunjwa na usukani wa pikipiki, nikaenda kukatiwa kingine, kioo bapa kama cha kunyolea ndevu. Cha kwanza kilikuwa kimefura kidogo katikati: kinaonyesha vitu vidogo, kama viko mbali kuliko vilivyo, lakini kinakusanya barabara pana. Hiki bapa kinaonyesha ukubwa wa kweli na kipande finyu. Nilikaa nacho wiki mbili, nikatafuta cha gari lililofunguliwa vipande. Ukilazimika kukatiwa, jua umepoteza upana. Geuza shingo zaidi.

Shingo hata hivyo bado nageuza. Abiria wangu wa mbele huwa ni mama mkwe, naye hupenda kuinama mbele kusalimia watu wa Katindo wote, akaziba dirisha lote.

Sasa nina ugomvi na mdogo wangu tu. Huniazima gari Jumapili, na Jumatatu nikiingia nakuta vioo vyote viwili vinatazama milango.