SUV ndogo ya haibridi (gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme) huokoa mafuta wapi?
Hasa kwenye foleni za mjini, kwa sababu kila unapopunguza mwendo mota ya umeme hugeuka jenereta na kurudisha kwenye betri nishati ambayo breki za kawaida zingeipoteza kama joto, ilhali kwenye barabara kuu, kwa kasi isiyobadilika, injini ya petroli ndiyo hubeba sehemu kubwa ya mzigo na unafuu hupungua. Udhaifu wake, kwa maoni yangu, uko nyuma: katika Toyota RAV4 ya haibridi inayoendesha magurudumu yote manne, yale ya nyuma husukumwa na mota ya umeme pekee, bila shafti (chuma cha kupeleka nguvu) kutoka kwenye injini, hivyo utelezi wa kawaida huumudu lakini tope zito silo lake.