Pedali ya tremolo: nichukue ipi, na mbona sauti inashuka nikiiwasha?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi napiga gitaa la solo kanisani huku Mwanza, natumia Squier Strat na amplifaya ndogo ya transista, pedali nina ovadraivu (ya kukwaruza sauti) na dilei (ya mwangwi) basi. Nataka niongeze tremolo kwa ajili ya nyimbo za kuabudu zile za taratibu. Jamaa mmoja ananiambia mbona unayo tayari, si ile fimbo ya kwenye gitaa? Halafu juzi niliazima Boss TR-2 ya rafiki yangu, ni tamu kweli ila kila nikiiwasha sauti inashuka, kinanda kinanimeza kabisa. Itakuwa mbovu? Na nikitaka kununua yangu nichukue hiyohiyo, au hizi ndogondogo za Kichina, au nijikusanye nichukue Strymon Flint?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo TR-2 sio mbovu, mrudishie mwenzio kwa amani. Naanza na hilo la sauti kushuka kwa sababu ukishalielewa utakuwa umeshajua nusu ya mambo ya kuangalia dukani.

Tremolo haina kazi nyingine zaidi ya kupandisha na kushusha sauti kwa mwendo uliopanga wewe, kama mtoto aliyeshika kitufe cha volyumu cha redio anazungusha huku na huku hachoki. Sasa pedali nyingi pale sauti inapofika juu kabisa ni sawasawa na sauti yako ya kawaida ukiwa umeizima, haizidi hapo, halafu kuanzia hapo ni kushuka tu. Yaani inachota, haijazii. Ukifungua Depth, nobu ya kina cha mtikisiko, mpaka mwisho na wimbi, yaani umbo la kupanda na kushuka, likiwa laini, piga hesabu ya nguvu ya wastani utakuta umepoteza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 4 na ushee, na desibeli 4 kanisani penye kinanda, dramu na kwaya ndio huko kumezwa unakosema, maana sikio linashika wastani haliangalii kilele. Na hapa watu huwa wanabisha, lakini wimbi la mraba, lile linalokatakata sauti kama swichi, linapoteza kidogo kuliko lile laini, kama desibeli 3 hivi, kwa sababu nusu nzima ya muda sauti iko juu kabisa.

TR-2 ina nobu tatu tu, Rate ya spidi, Wave ya umbo la wimbi na Depth, ya volyumu haipo. Kwa hiyo ikishachota imechota. Haya malalamiko ni ya siku nyingi na dunia nzima, kuna mafundi wanaishi kwa kuzifungua hizo TR-2 na kubadilisha vipande viwili vitatu ndani ili irudishe kile ilichochota. Msimamo wangu mimi, na sijali ni kampuni gani imeitengeneza, tremolo ya kupigia kwenye bendi iwe na nobu ya volyumu. Ukiwa chumbani peke yako haina shida, ukiwa na wenzako wanne jukwaani utaitafuta.

Ila kabla hujatoa hela jaribu hili, ni bure. Hiyo ovadraivu yako iweke kabla ya TR-2, Drive, nobu ya kukwaruza, ishushe mpaka chini kabisa, Level, nobu ya volyumu, ipandishe taratibu ifike kama saa nane, yaani alama ya nobu ielekee namba 2 ya saa ya ukutani, halafu wakati wa tremolo unaziwasha zote mbili kwa pamoja. Ovadraivu inakuwa inasukuma tu sauti, tremolo inachota kile kilichozidi, unabaki palepale ulipokuwa. Na Depth usiifungue yote, kwenye nyimbo za kuabudu ikiwa saa saba inatosha, msikilizaji ataisikia bila kuanza kujiuliza kama waya wako umekatika.

Kuhusu fimbo, mwambie jamaa yako hajakosea sana, waliokosea ni Fender wenyewe, kampuni iliyobuni Strat. Strat ilipotoka 1954 ile fimbo wakaiita tremolo, wakati fimbo inavuta nyuzi na kubadilisha noti, inapanda au inashuka, na hiyo ni vibrato. Halafu kwenye amplifaya zao wakaandika Vibrato mahali penye tremolo. Kwa hiyo ukinunua mtumba usisome maandishi peke yake, washa usikilize, kama noti inayumba hiyo sio unayoitafuta.

Haya, sasa aina zenyewe, maana tremolo mbili zenye nobu zilezile zinaweza kulia tofauti kabisa. Mambo haya yalianza zamani Marekani, miaka ya 1940 kampuni ya DeArmond walikuwa na kiboksi chenye mota ndani inayotikisa kichupa cha maji yanayopitisha umeme, maji yakigusa kipande cha chuma sauti inapungua, yakirudi sauti inarudi, Bo Diddley amekipiga sana hicho. Baadaye ikahamia ndani ya amplifaya na ndiko zilikozaliwa sauti tatu ambazo pedali nyingi za leo zinaigiza.

Ya kwanza inachezea taa zenyewe za kutoa nguvu mwishoni mwa amplifaya, zile valvu za kioo za amplifaya za zamani, ndio ipo kwenye Princeton Reverb ya Fender. Hii ni laini, na ina tabia moja tamu sana, ukigonga nyuzi kwa nguvu tremolo inajificha kidogo halafu noti ikianza kufifia mtikisiko unaibuka.

Ya pili ni ya mwanga, ipo kwenye Deluxe Reverb na Twin Reverb za miaka ya 60. Hii nakushauri siku moja ukipata pedali ya namna hii fungua kifuniko uangalie, utaona kakitu keusi kama kipande cha mrija, ndani yake upande mmoja kuna kataa na upande wa pili kuna kijicho kinachobadilisha ukinzani kikimulikwa. Kwenye amplifaya za zamani kataa ni ka neoni, kwenye pedali za sa hivi mara nyingi ni LED. Kataa kanawaka kanazima, kijicho kinaona mwanga kinapunguza sauti, giza likija kinaiachia. Utamu wake uko hapa: kijicho kinashtuka haraka kikimulikwa lakini kwenye kurudi gizani kinajivuta, kwa hiyo wimbi linatoka limeegemea upande mmoja, halina ule unyoofu wa kompyuta, na ukizidisha spidi sana kijicho kinashindwa kufuata na tremolo inapungua kina yenyewe. Fundi asiyejua ataibadilisha akidhani imechoka. Voodoo Lab Tremolo ni ya aina hii, na ina nobu nne, ya volyumu ikiwemo. Hata Mooer Trelicopter, hako kadogo ka Kichina, kanatumia mwanga.

Ya tatu ni ya harmoniki, ilikuwepo kwenye baadhi ya amplifaya za Fender za rangi ya kahawia mwanzoni mwa miaka ya 60 halafu wakaiacha, ilikuwa inakula valvu nyingi. Hii inagawa sauti yako mafungu mawili, besi huku na treble huku, fungu moja likipanda lingine linashuka. Umeona ujanja wake? Sauti kwa ujumla haishuki sana kwa sababu muda wote kuna upande uko juu, ila rangi ya sauti ndio inazunguka, unaweza kudhani ni feza, ile pedali ya kuzungusha sauti. Kwa mtu mwenye shida kama yako ya kumezwa na kinanda, hii inakufaa kuliko zote. Walrus Audio Monument inayo, na hiyo Flint inayo pia.

Sasa Flint. Ni kifaa kizuri, sibishi, inakupa tremolo zote tatu nilizokutajia, wameziandika '61, '63 na '65, na pembeni una rivabu, mwangwi kama wa ukumbi, kwenye boksi hilohilo, mwenye amplifaya ya transista isiyo na rivabu anapata viwili kwa mpigo. Lakini bei yake ni zaidi ya TR-2 mbili, haina sehemu ya betri, na inataka miliampea 250 wakati adapta nyingi za pedali zinazouzwa mtaani zinatoa 100 na zingine hata hiyo 100 ni ya maandishi tu. Kwa hiyo hesabu hela ya Flint na hela ya pawa saplai ya maana. Kama amplifaya yako ni ndogo na spika yake ni ya inchi 8, mimi ningeanza kubadilisha amplifaya, Flint isubiri, maana uzuri wote ule utaishia kwenye hako kaspika.

Hizi ndogo za Kichina nazo watu wanazidharau bure. Kwa sauti nyingi zinakubali. Shida yangu nazo ni ya ufundi: nyingi jeki imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi na vipande vya ndani ni vidogo kama mchanga, siku mtu akikanyaga waya jeki inang'oka na njia ya shaba, mimi hapo natengeneza lakini gharama inakaribia ya kununua mpya. Kwa anayepiga Jumapili kwa Jumapili na pedali zake zimefungwa vizuri kwenye ubao, chukua. Kwa anayetupa kwenye begi na kupanda daladala, chukua boksi kubwa la chuma.

Kwa hiyo kwako: ukipata iliyotumika ya mwanga yenye volyumu, chukua hiyo. Ukiwa na hela zaidi kidogo, tafuta yenye harmoniki. Utauliza, TR-2 ninunue? Ukiuziwa bei nzuri sawa, ni ngumu kama jiwe na ushajua dawa yake ya ovadraivu, ila mpya kwa bei ya dukani mimi siwezi kukushauri.

Spidi sasa, maana hapa ndipo wengi wanaharibu wimbo. Kuna pedali zina tapu tempo, unagonga kwa mguu na yenyewe inafuata. Hesabu yake ni rahisi, tempo, yaani mapigo kwa dakika, gawanya kwa 60. Wimbo wa 72 unapata mtikisiko 1.2 kwa sekunde, ukitaka kila pigo litikisike mara mbili ni 2.4, mara tatu ni 3.6, mara nne 4.8. Kama bendi yenu inapiga na kliki masikioni, ile sauti ya kuhesabu mapigo, tapu tempo ni raha. Kama hakuna kliki na mpiga dramu wenu ni binadamu wa kawaida, baada ya beti mbili tremolo na dramu vitaachana na hapo inakera kuliko kutokuwa nayo. Kwa hiyo bila kliki usijaribu kufuata mpigo kabisa, weka spidi ya mara 5 hivi kwa sekunde, Depth nusu, wimbi laini, iwe ni mtikisiko tu nyuma ya kodi ndefu. Wimbi la mraba achana nalo kanisani.

Na wimbo ukibadilika mkaingia sebene, zima. Sio suala la ladha, ni hesabu: sebene ya tempo 130 noti zako za mkono wa kulia zinakaribia 9 kwa sekunde, tremolo inatikisa mara 5, kwa hiyo inameza noti hii inaiacha ile, mara inameza mbili, na watu wataona wewe ndio unarukaruka mapigo.

Mpangilio: ovadraivu, tremolo, dilei. Ukiweka tremolo kabla ya ovadraivu yenye drive nyingi, ovadraivu inasawazisha yale mapanda-shuka yote na tremolo inakuwa kama haipo. Ukiiweka baada ya dilei, hata mwangwi unakatwakatwa nao, wengine wanapenda hivyo, na amplifaya nyingi za Fender za zamani zilikuwa hivyohivyo, rivabu kwanza tremolo baadaye. Badilisha waya usikilize mwenyewe.

Ukienda kuijaribu, kabla hujapiga noti hata moja fanya hivi: volyumu ya gitaa sifuri, tremolo washa, wimbi geuza kwenye mraba, spidi haraka, Depth yote, amplifaya ipandishe. Ukisikia tik tik tik tik inayofuata kataa, usimkimbie muuzaji kwanza, mwambie aweke betri. Tik ikipotea basi ni adapta ya kuchangia na pedali zingine, ile mashine ya mpigo inavuta umeme kwa mikupuo na mikupuo inaingia kwenye sauti, dawa ni pawa saplai ambayo kila tundu linajitegemea. Tik ikibaki hata kwenye betri, shida iko ndani, muachie mwenyewe.

Adapta iwe volti 9, hasi katikati ya plagi, ndio wanayotumia wengi lakini soma mgongoni mwa pedali kwanza. Na kama unaletewa na ndugu kutoka Marekani, angalia maandishi kwenye adapta, iwe imeandikwa 100 mpaka 240. Kama ni 120 peke yake usiichomeke ukutani, umeme wetu ni 230 na itaungua siku hiyohiyo. Tumia betri kwanza wakati unatafuta nyingine, tremolo za kawaida hazili umeme mwingi, ila ibada ikiisha chomoa waya unaoingia kwenye pedali, upande wa gitaa, maana ukiacha umechomekwa pedali inaendelea kula betri hata kama kataa kamezima.